Taa ya Kitufe: Jinsi DVD ya Kwaya Yetu Ilivyopatikana

Kwingineko katika kitabu hiki mtasoma habari za waanzilishi wa kwaya, walimu waliotufunza, sare tulizovaa na safari tulizofanya. Sisi tuliopewa ukurasa wa kanda na diski tumeamua kueleza jambo dogo ambalo wengi wenu mmelitumia bila kulifikiria. Ukiweka DVD yetu kwenye mashine, unaona picha saba, na kando ya mojawapo anasimama ndege wa rangi ya waridi. Ukibonyeza mshale wa rimoti, ndege anahama. Ukibonyeza OK, anageuka mweupe, na wimbo unaanza. Ndege huyo alitugharimu mikutano mitatu ya kamati, na mmoja kati ya hiyo mitatu nusura uvunje kwaya.

Ili aeleweke, inabidi turudi nyuma kidogo.

Wimbo ukishaimbwa na kunaswa, swali linalobaki ni moja: mtu aliye nyumbani ataufikiaje? Enzi za kaseti jibu lilikuwa kalamu ya Bic. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na kwetu Bonde la Ufa ndiyo iliyobeba nyimbo za kwaya kutoka kanisani hadi jikoni, shambani na kwenye matatu za Njoro na Molo. Ulijua wimbo uupendao uko upande wa B, karibu na mwisho. Ukapeleka mbele, ukasimamisha, ukasikiliza, ukarudisha. Betri zikikaribia kuisha uliitia kalamu katika tundu la kaseti na kuizungusha kwa mkono. Ilikuwa kazi, lakini hata mtoto aliiweza, na hakuna aliyehitaji kusoma chochote. Redio nayo haikukuuliza. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC, ilicheza ilichotaka saa iliyotaka, nawe ulikaa karibu ukingoje.

Kisha ikaja video. Kanda za VHS, zilizoanzishwa na JVC ya Japani mwaka 1976, zilichelewa kufika majumbani kwetu, lakini zilipofika kila harusi na kila mavuno yakarekodiwa. Sasa tuliwaona akina mama wa sauti ya pili wakiyumba pamoja kama mahindi ya Subukia. Namna ya kuufikia wimbo haikubadilika, bado ulipeleka mbele na kurudisha nyuma, tofauti ikiwa kwamba kanda moja ilichukua saa tatu na mtu angeweza kupoteza nusu saa akitafuta. Kanda zetu mbili za VHS zimehifadhiwa ofisini. Moja imeota ukungu.

VCD tuipite haraka. Ilikuwa diski ya bei nafuu yenye picha ya mistari 288 tu, dakika 74 ndiyo mwisho wake, na nyuso za watu zilivunjikavunjika kila walipopiga makofi. Hata hivyo ilileta jambo jipya: ukibonyeza 5 kwenye rimoti, wimbo wa tano unaanza. Wazee walilipenda hilo. Walihesabu nyimbo kwenye karatasi ya jalada na kuzikariri kwa nambari kama tunavyozikariri tenzi.

DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996, nasi tuliifikia karibu miaka kumi baadaye. Picha yake ina mistari 576, diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, yaani kama saa mbili za picha safi, na ina kitu ambacho hakuna kanda iliyowahi kuwa nacho: ukurasa wa mbele. Ukurasa huo huitwa menyu, na aliyeunda diski ndiye anayeamua utakuwa na nini, vitufe vitakaa wapi, na mtazamaji atajuaje yuko kwenye kitufe kipi. Ile alama ya kumwonyesha mtazamaji "uko hapa" sisi tuliiita taa, na jina hilo limebaki.

DVD yetu ya kwanza, ile ya kabla ya uchaguzi wa 2007, tuliitengenezesha kwenye studio moja mjini. Nyimbo zilitoka vizuri. Menyu ilikuwa picha ya jua likichomoza juu ya Menengai, majina ya nyimbo yameandikwa kwa herufi za kupindapinda, na taa ilikuwa mstari mwembamba wa manjano chini ya jina. Manjano juu ya jua! Kwenye kompyuta ya studio ulionekana. Kwenye televisheni za nyumbani, zile nzito zenye mgongo mkubwa nyuma, ulikuwa ukitetemeka kama uzi kwenye upepo, na mwenye macho ya miaka sabini hakuuona kabisa. Mishale nayo haikupangwa: ulibonyeza chini, taa ikaruka juu upande wa pili.

Tulidhani ni usumbufu mdogo hadi siku ya matanga ya mama mmoja wa sauti ya kwanza, kule Bahati. Jamaa walitaka kusikia wimbo aliouongoza. Mjukuu hakuwepo, rimoti ikawa mikononi mwa mume wake, mzee asiyejua kusoma. Alibonyeza, akabonyeza tena. Sebule iliyojaa waombolezaji ikafunguliwa wimbo wa harusi, vigelegele na yote. Mzee aliweka rimoti chini akatoka nje. Tuliokuwepo hatukuhitaji mtu wa kutueleza kwamba menyu si mapambo.

Kabla hatujapata nafasi ya kulishughulikia hilo, nchi iliwaka. Hatutaeleza sana, kwa maana wasomaji wa kitabu hiki waliyaona. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na mwishoni mwa Januari 2008 mji wetu wenyewe ukaingia katika mapigano, kukawa na amri ya kutotoka nje usiku. Uwanja wa Maonyesho na ule wa Afraha ukajaa watu waliokimbia makwao. Kwaya iliyokuwa ikiimba kwa lugha sita ikatawanyika. Wengine walilala kambini, wengine wakapanda malori kurudi magharibi, wengine mkoa wa Kati, wengine Ukambani. Tarehe 28 Februari viongozi walitia saini mkataba wa amani, na Jumapili zilizofuata tulianza kuhesabu nani amerudi kwenye viti vya kwaya. Besi walikuwa wanne.

Wazo la DVD ya pili lilitokana na hao ambao hawakurudi. Ingekuwa na nyimbo mpya tulizobaki tukiimba, lakini pia zile za kwenye kanda za VHS, ambamo wote walikuwa bado wamesimama pamoja. Tungewatumia nakala kwa mabasi popote walipo. Fedha hazikuwepo za kulipa studio, na baada ya ile ya Menengai hatukuwa na hamu. Kijana mmoja wa besi aliyekuwa akihudumu kwenye saiba alijua Photoshop, na huko saibani kulikuwa na Encore, programu ya Adobe iliyotoka mwaka 2003 kwa kazi ya kuunda DVD. Akasema, "Nipeni picha na mniambie vitufe viwe vipi." Kwa vile hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo, kila mtu akawa na jibu.

Mkutano wa kwanza ulitaka nyimbo zipangwe kwa lugha. Ilionekana rahisi: za Kiswahili hapa, za Kikuyu pale, za Kikalenjin, Kiluhya, Kijaluo, Kikamba. Ndipo kijana wetu akaeleza kwa upole jambo ambalo hatukulijua. Menyu ikifunguka, ni lazima taa iwe imekaa kwenye kitufe kimoja tayari. Haiwezi kuanza ikielea. Kwa hiyo lugha ipi iwe ya kwanza kuwaka?

Hakuna aliyejibu kwa muda. Mtu akasema Kiswahili, bila shaka. Sawa, na inayofuata? Ukibonyeza chini mara moja, unafika kwa nani? Na nani awe wa mwisho kabisa? Kabla ya Desemba tungecheka. Mwaka huo sauti zilipanda, mzee mmoja akakumbusha yaliyotokea mtaani kwake, mwingine akasimama kuchukua kofia yake, na mwenyekiti akafunga mkutano kwa maombi kabla ya wakati.

Mkutano wa pili ndio uliotuokoa, na wazo lilitoka kwa akina mama wa meza ya Bwana. Walisema, mtu hatafuti wimbo kwa sababu ya lugha yake, anautafuta kwa sababu ya siku aliyo nayo. Ana harusi, ana msiba, ni Krismasi, ni Pasaka, ni mavuno, ni ushirika mtakatifu. Hivyo vitufe vikawa sita, vya majira, na ndani ya kila kimoja lugha zikachanganyika kama zinavyochanganyika kwenye ibada. Cha saba, kilicho juu kabisa na ambacho taa hukaa juu yake menyu inapofunguka, ni "Cheza Zote". Taa ikaanza mahali ambapo hapakuwa pa mtu. Tunaona hadi leo kwamba uamuzi huo ulikuwa na hekima kuliko mahubiri kadhaa tuliyoyasikia mwaka huo, nasi tunasema hivi kwa heshima.

Akina mama hao hao, wakimkumbuka yule mzee wa Bahati, walikataza maneno yasiyo na picha. Kwa hiyo nyota ni Krismasi, jiwe lililovingirishwa ni Pasaka, gunia la mahindi ni mavuno, pete mbili ni harusi, mshumaa ni msiba, kikombe ni ushirika. "Cheza Zote" ni ngoma. Jina limeandikwa chini ya kila picha kwa anayetaka kusoma.

Ikabaki taa yenyewe, na hapa lazima tueleze inavyofanya kazi, kwa sababu vijana wa kwaya wameuliza.

Menyu ya DVD ni matabaka mawili. La chini ni picha ya kawaida, yenye rangi zote unazotaka. Juu yake kuna utando mwembamba, ule ule unaotumika kuonyesha maandishi ya tafsiri kwenye filamu. Utando huo ndio unaobeba taa, nao ni maskini sana: unaweza kutumia rangi nne tu kwa wakati mmoja, na mojawapo kwa kawaida ni ile ya kutoonekana. Hakuna kufifiza polepole, hakuna kivuli laini. Kila nukta ama ipo au haipo, kwa hiyo kingo hutoka kama ngazi. Mashine haichori taa upya unapobonyeza mshale. Inabadilisha tu rangi za sehemu ile. Kitufe kina hali tatu. Kikiwa hakijaguswa, alama yake haionekani. Kikichaguliwa, inapata rangi. Kikibonyezwa, inapata rangi nyingine kwa muda mfupi. Ndani ya Photoshop kijana alichora kila alama kwenye tabaka lake na kulipa jina linaloanza na alama ya sawasawa na nambari ndani ya mabano, ndivyo Encore ilivyotambua kwamba hiyo ni taa na si sehemu ya picha. Eneo la kitufe lazima liwe mstatili hata kama alama ni ya mviringo, na maeneo yasipandane. Kisha kila kitufe kinaambiwa: mtu akibonyeza juu nenda pale, chini pale, kulia pale, kushoto pale.

Mkutano wa tatu ulikuwa wa rangi, nao ulitufanya tucheke kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Kijana alipendekeza rangi ya chungwa, kwa sababu inaonekana vizuri juu ya samawati. Chumba kizima kilimtazama. Kura ya maoni ya Novemba 2005 ilikuwa ya ndizi na chungwa, na chungwa likaendelea kuwa chama. Akasema basi manjano. Ndizi! Buluu? Kuna waliokumbuka mabango. Nyekundu na kijani zilikataliwa kwa sababu nyingine: muuguzi mmoja wa sauti ya tatu alieleza kwamba wapo watu, hasa wanaume, wasiozitofautisha rangi hizo mbili. Yeye ndiye aliyesema taa isitegemee rangi peke yake, iwe na umbo, ili hata mwenye televisheni isiyo na rangi ajue yuko wapi.

Umbo gani? Msalaba ulipendekezwa, lakini wengine hawakupenda kuona msalaba ukirukaruka kwa rimoti. Ndipo sauti kutoka nyuma ikasema, "Flamingo." Ndege wa ziwa letu, heroe kwa Kiswahili cha vitabuni, wanaokuja na kwenda kadiri maji na chakula kilivyo, na hakuna anayewauliza wanatoka Bogoria au Natron. Na waridi yao hatukumsikia mtu yeyote akiidai. Kura ilipita bila kupingwa.

Flamingo wa kwanza alikuwa mrembo kwenye kompyuta na wa kusikitisha kwenye televisheni. Picha ya televisheni hizo huchorwa kwa zamu, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, mara hamsini kwa sekunde, kwa hiyo mstari wa kulala wenye unene wa nukta moja huonekana kwa zamu moja na kupotea kwa nyingine. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa ule mstari wa manjano wa Menengai. Mdomo wa ndege wetu ulitetemeka vivyo hivyo. Miguu, iliyokuwa myembamba kama ya flamingo halisi, ilimezwa na ile waya ya manjano inayounganisha mashine na televisheni. Na mwili ulinenepa kwa upana, kwa sababu nukta za DVD za mfumo wetu wa PAL si mraba kamili: ukichora duara kwenye ukurasa wa 720 kwa 576 linatoka yai. Kijana akaanza upya kwenye ukurasa wa 768 kwa 576, kisha akaubana. Hakuna mstari uliopungua nukta tatu. Miguu ikawa minene, na hadi leo wako wanaosema yule si flamingo, ni bata. Tena picha zote zikasogezwa ndani, mbali na kingo, kwa kuwa televisheni nyingi hukata pembezoni mwa picha.

Hali ya tatu, ya kugeuka mweupe, ilikuwa kwa ajili ya wazee. Mashine za bei nafuu huchukua sekunde kadhaa kabla ya kuanza wimbo, na mtu asiyeona mabadiliko hubonyeza tena na tena hadi mashine ichanganyikiwe. Ndege akigeuka mweupe, unajua amesikia.

Kabla ya kutoa nakala tuliijaribu kwa wazee kumi na wawili, kila mmoja nyumbani kwake na kwa televisheni yake, bila kumwonyesha lolote. Tulimpa rimoti tukasema, "Tafuta wimbo wa msiba." Yule mzee wa Bahati alikuwa wa tatu. Alimpeleka ndege polepole, kitufe kwa kitufe, hadi kwenye mshumaa. Mke wake akaimba. Alitazama mara mbili, kisha akatuuliza kama tumekunywa chai.

Nakala zilibandikwa stika ya Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, zikapakiwa kwenye mabasi. Majibu yalikuja kwa simu kutoka Kakamega, Kisumu, Murang'a, Machakos na Eldoret. Baadhi ya waliopiga wamerudi, na mtawaona leo kwenye safu ya pili. Wengine hawakurudi, nasi hatuwalaumu.

Siku hizi nyimbo zetu ziko YouTube na kwenye simu. Watu wengi walizihamisha diski zao kwenye flashi, na hapo menyu huachwa nyuma: nyimbo zinabaki kama mafaili yenye nambari, ndege hayupo. Mpangilio wa nani afuate nani sasa unaamuliwa na kompyuta ya kampuni iliyo mbali, isiyojua mavuno wala matanga. Tuna diski halisi mbili zilizobaki, pamoja na mafaili ya Photoshop ambayo kijana wetu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, ameyatunza.

Baada ya ibada ya leo, diski moja itakuwa kwenye mashine katika chumba cha kwaya, pamoja na televisheni yenye mgongo tuliyoazimwa na familia moja ya Lanet. Rimoti iko mezani. Akina mama wa meza ya Bwana wameomba watoto wapishe wazee kwanza.